Firmin Hataki Tena Kuwa Baba

"Alinimwagia supu ya vitunguu saumu, Mheshimiwa, kichwani—"

"Ilikuwa imepoa."

"Ninaongea mimi hapa—"

"Haya, ilikuwa ya moto. Inachemka. Andikeni."

Hakimu akagonga meza kwa kalamu. Mzee Firmin Delpech na mwanawe wa kuasili, Gaétan, wakanyamaza, kila mmoja akitazama ukuta wake. Mzee alikuja mahakama ya Cahors na ombi moja tu: undugu wake na Gaétan ufutwe. Na sheria haifuti undugu kirahisi. Lazima mtu athibitishe kwamba ametendewa ubaya, tena ubaya wenye uzito.

"Endelea, mzee."

"Aliniacha barabarani kwenye mvua."

"Mvua?" Gaétan akacheka puani. "Ilikuwa theluji. Na sikurudi kumchukua."

Wakili Rouquette, mama aliyekuwa akimtetea mzee, hajawahi kupata kesi tamu namna hii. Mdaiwa anakiri hata asichoulizwa.

"Na wewe huna la kujitetea?" hakimu akamuuliza Gaétan.

"Nijitetee nini? Mzee mwenyewe kichwa kigumu kama kwato. Nimechoka kuitwa Delpech. Futeni, kila mtu aende zake."

Mzee akakohoa, kikohozi kile cha watu wenye moyo mbovu. Gaétan akatoa pipi ya kifua mfukoni, akanyoosha mkono, kisha akaubadilishia njia na kuitia pipi mdomoni mwake mwenyewe. Wakili akatikisa kichwa. Kuna watu wana roho mbaya jamani.

Hakimu akavua miwani.

"Bwana Delpech, nikuulize kama mtu, si kama hakimu. Hukuoa. Ulimuasili huyu akiwa tayari fundi wa kuezeka, na ndevu zake usoni, ili usizeeke peke yako. Leo unaumwa. Nikikata hapa, huna mtu. Ukianguka, hospitali wampigie nani?"

"Wasimpigie mtu."

"Una hakika?"

"Sitaki kufa nikiwa baba wa huyu," Firmin akasema taratibu. "Kitu kinachoniogopesha ni hicho tu. Kwamba nitakufa hamjamaliza."

Hawakumaliza haraka. Mahakama zina mwendo wake. Ikapita Pasaka, likapita joto, zabibu zikavunwa, na muda wote huo Wakili Rouquette alimwona mzee akinyauka. Kila akienda kumtembelea alimkuta jikoni anakula amesimama, kijiko ndani ya sufuria. Alisema kukaa mezani peke yako ni kazi, na yeye kazi alishastaafu. Redio ikitangaza mechi ya raga, aligeuza shingo amwambie mtu kitu, akakumbuka, akafunga mdomo.

Gaétan naye alikuwa amepanga chumba ng'ambo ya mto, juu ya duka la matairi. Siku za soko wakili alimwona akinunua kipande cha jibini cha mtu mmoja, anakishika mkononi kana kwamba hajui akipeleke wapi. Mzee akitokea, walipishana kama watu wa treni mbili. Hata shikamoo hakuna. Cahors ni mji wa macho mengi, na yeyote pale sokoni angeweza kuitwa kutoa ushahidi.

Safari moja wakili huruma ikamzidi. "Mzee wangu, labda msameheane tu?"

"Mama, tafadhali usiniharibie."

Hatimaye uamuzi ukatoka. Ubaya umethibitishwa, undugu umefutwa. Siku muda wa rufaa ulipokwisha, wakili akampelekea mzee habari mwenyewe. Firmin akajishusha kwenye kiti, akafunika uso, mabega yakaanza kutikisika. Wakili akabaki amemshika mkono. Ameshinda kesi, na ushindi wenyewe ndio huu: mtu mzima analia jikoni, na duniani hana hata wa kumwita.

"Nipeleke halmashauri ya mji," mzee akasema akipenga kamasi. "Kuna jambo nataka kulipanga kabla sijaondoka."

Kaburi, wakili akawaza. Halmashauri ndiko watu wanakonunua nafasi makaburini. Akawasha gari bila kuuliza.

Walipoingia, kwenye benchi la kusubiria alikuwa amekaa Gaétan, koti limenyooshwa kwa pasi, viatu vinang'aa. Wakili akajitia katikati yao haraka.

"Wewe bwana, huyu si baba yako tena. Mwache apumzike."

"Najua, mama," Gaétan akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Firmin akampita wakili pembeni, akakaa kwenye benchi lile lile, karibu kabisa, akaegemeza kichwa kwenye bega la Gaétan na kufumba macho. Hakuna aliyemsukuma mwenzake.

Binti wa dirishani akawaita. Wakaenda wote wawili, wameshikana.

"Samahani wazee wangu, tangu sheria ya ndoa ibadilike mwaka jana naletewa maharusi wa kila aina, lakini swali ni lile lile kwa wote. Nyinyi wawili mna undugu wowote?"

"Tulikuwa baba na mwana," Gaétan akajibu. "Enzi zile huo ndio undugu pekee waliokubali kutuandikia."

"Huyu mama katuondolea," Firmin akaongeza, kisha akamgeukia Wakili Rouquette, aliyekuwa bado amesimama pale pale kwenye benchi, mkoba mkononi. "Mama, kila harusi inataka mashahidi, na sisi miezi yote hii hatukuweza kumwambia mtu. Utatusimamia?"