Breki za Baba Ipyana

Siku hizi gari linalojiendesha la marehemu hubaki na mazoea yake ya kuendesha, na mjane ndiye huamua yafutwe lini. Tusekile aliamua asubuhi hiyo, barabara ya Kitulo ikiwa imeganda barafu. Alimfunga mwanawe mkanda, wakaondoka kwenda kwa fundi wa kuyafuta.

Gari liliteremka taratibu, kwa gia ndogo, kama mumewe alivyopenda. Penye kona iliyomuua likakanyaga breki ghafla, kama yeye siku ile. Magurudumu yakaanza kuteleza.

“Achia breki, Baba Ipyana! Mtoto yumo!”

Breki ikaachia. Gari likatulia, likapita kona.

“Mama, kumbe baba anasikia?”

Mbele ya gereji gari lilizima injini, likafungua boneti lenyewe. Tusekile hakuwa ameliambia wamefuata nini.