Maktaba ya Chuo cha Bei Nafuu

Binti wa fundi cherehani alivuta kitabu kimoja cha sheria kwenye rafu, na safu nzima ikamjia mkononi, nyepesi kama debe tupu. Ilikuwa migongo ya vitabu tu, yenye maandishi ya dhahabu, imegandishwa kwenye ubao. Nyuma yake buibui alishajenga.

"Utaharibu, dada," alisema mtunza maktaba bila kuinua macho. "Hivyo ni vya wageni kutazama."

"Vya kusoma viko wapi?"

"Vinakuja."

"Tangu lini?"

"Mimi mwenyewe nilikuta vinakuja."

Vyuo vingine vyote vya sheria ada yake haishikiki. Hiki ndicho walichokimudu, tena kwa kuwa mama yake jana aliuza cherehani.

Alitoka mbio mpaka kwa mhasibu. Mama alikuwa dirishani, bahasha ya ada imeshaingia nusu. Kwa ndani mhasibu ameishika. Kwa nje kidole gumba cha mama, kile chenye makovu ya sindano, bado kimeikandamiza, kama anayeaga mtu.

"Mama," binti alisema, pumzi zikimkata, "usiachie."