Vigae Viwili Mbele ya Mungu

“Mer-es,” Wabet alisoma kwenye kigae cha chungu kilichovunjika. “Anapenda. Mwanamke huyo.”

“Barabara. Mwenye kupenda hukaa mkiani mwa neno,” alisema Kenna, karani wa kijiji. “Ukitaka kukana, hapendi, unatanguliza mbele mchoro wa mikono miwili mitupu.”

“Mikono siitaki,” Wabet alijibu, na wote wawili wakaangua kicheko.

Juu ya paa, Baki, baba yake Wabet, alikuwa ananoa patasi. “Neno moja siku tatu! Punda wangu angekuwa ameshahitimu.”

Baki alikuwa mchonga mawe. Bia ilipomkolea, aliapa mbele ya wachongaji wenzake kwamba bintiye haolewi na karani, mtu asiye na hata sugu moja mkononi. Kiapo kilishatoka, na Baki si mtu wa kula matapishi yake. Basi wazee wakalipeleka shauri kwa mungu. Kenna ataweka njiani kigae cha “anampenda”. Baki, asiyejua herufi hata moja, ataandikiwa cha “hampendi” na karani wa ng'ambo ya mto. Sanamu ya mungu, ikibebwa mabegani, itaelekea kwenye ukweli.

Wabet hakutaka kumsumbua mungu. Alipanga kuandika “anampenda” ya pili, akibadilishe kigae cha baba yake kabla ya maandamano. Alipomnong'oneza Kenna mpango huo, Kenna alifurahi hata akasahau kula.

Siku ilipofika, sanamu iliyumba, ikasita, kisha ikakielekea kigae cha Baki. Wachongaji wakapiga makofi. Kuhani akakiokota, akasoma kwa sauti: “Anampenda.”

Vigelegele vikapaa. Wanawake walimbeba Wabet juujuu, viatu vikamtoka. Baki alinuna, akatema mate mchangani.

“Mungu kasema,” aliwaambia wenzake. “Mimi nani?”

Katika msukumano ule Kenna alipenyezewa kigae kile alichokisoma kuhani, akamsogelea mchumba wake huku kicheko kikimtetemesha mabega. “Mwandiko wako umekomaa, mpenzi.”

“Mwandiko gani?” Wabet alinong'ona. “Mimi sikupata nafasi. Baba amekilalia mpaka asubuhi.”

Kenna akakigeuza juani. Hakikuwa na hata tone la wino. Kila herufi ilikuwa imechongwa kwa patasi.