Msuko Mwekundu

"Usinizungushe, Baba Shirleen! Wewe na vitabu wapi na wapi?"

"Ni riwaya tu ya upelelezi, mama. Polisi wa Madrid anamsaka muuaji. Kaniazima mwenzangu wa gudauni, kule Wetherill Park."

"Na huyo mwenzako anasuka nywele?"

Mama Shirleen akachomoa alama iliyokuwa kitabuni: msuko mwekundu wa nywele za dukani, ncha imechomwa kwa kiberiti isifumuke. Yeye kichwa chake alikuwa amekinyoa. Mumewe akainamia chai.

"Muuaji umeshamjua?"

"Bado. Umebaki ukurasa wa mwisho."

Mama Shirleen akauchana. Akausoma wote taratibu, midomo ikimcheza, kisha akawasha jiko na kuushika motoni mpaka vidole vikamuuma.

"Ukitaka kumjua, utaniuliza mimi."