Maneno Matano ya Dokta Emilian

"Asali, reli, ungo, baiskeli, mvua," alisema Mzee Ngollo, hata kabla ya kuulizwa.

Dokta Emilian alishika mfuko wa shati. Kadi alimoyaandika ilikuwa humohumo. Maneno hayo matano ya kupima kumbukumbu za wazee wa Usoke yalikuwa siri. Alipaswa kuyasoma, angoje dakika kumi, ndipo amuulize mzee ameshika mangapi.

"Nani kakwambia?"

"Ah, Dokta, keti kwanza. Umeshakunywa uji?"

Uji! Mtu anaharibiwa utafiti wa ugonjwa wa ubongo, anaulizwa habari za uji. Emilian aliondoka, hata kuaga hakuaga. Julieth, msaidizi wake, alimwomba mzee radhi, akamfuata mbio na daftari, akamfunga kifungo cha shati alichokiruka.

Kwa Bibi Apolinaria, ng'ambo ya reli, yaleyale. Bibi alipomwona akija alitoa kiti, akayataja yote matano huku akiendelea kuchambua maharage. Shamila muuza vitumbua naye, baada ya shikamoo, akayataja bila kusita, na hakuwemo hata kwenye utafiti.

Roho haikumtulia tena. Ugonjwa huu ndio uliompokonya mama yake, aliyekufa hamjui mwanawe. Miaka yote ameimalizia maabarani akitafuta namna ya kuugundua mapema, na sasa kazi yote inakwenda na maji. Kijiji kizima kimekariri majibu, nani ataamini vipimo vyake? Kadi hajampa mtu. Anayeikaribia ni mmoja tu.

Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ni wewe," alimwambia Julieth. "Umevujisha maneno yangu."

Julieth alimkalisha kwenye benchi la Shamila.

"Sijamwambia mtu, baba."

"Basi wamejuaje?"

"Mwaka wa tatu huu unawauliza kila asubuhi."

Emilian alicheka kidogo. Binti huyu hana hata haya. Leo ndiyo siku yao ya kwanza Usoke.

Julieth aliichomoa kadi mfukoni mwa Emilian, akaificha kiganjani. Akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika tarehe, na chini yake: Baba.

"Haya, yataje."

"Asali," alisema Dokta Emilian. Kisha akamgeukia Shamila, amsaidie.