Rudisha Pale Anapouliza

Siku alipomaliza eda, Mashavu hakwenda kwao. Alikuja kwenye kibanda chetu cha video hapa Mbuchi, ambako wanawake hawaingii, akakaa benchi la mbele.

Ilikuwa ile ile filamu ya kizamani ya makauboi, isiyo na rangi. Tunaitazama tangu utotoni na haituchoshi. Sherifu anaingia baa, maiti iko sakafuni, anauliza: nani ameona? Wanywaji wote wanatazama glasi zao. Hapo huwa tunapiga kelele mpaka mabati yanatikisika: "Semeni, waoga nyie! Huyo hapo, mwenye kofia nyeusi!"

Safari hii sherifu aliuliza, na kibanda kizima kikanyamaza.

Mume wa Mashavu alipigwa shoka mchana kweupe, kwenye ugomvi wa boriti za mikoko, mbele yetu sote. Askari walipotuuliza, tulisema tulikuwa msikitini. Aliyempiga alikuwa benchi la nyuma, ameacha kutafuna korosho zake.

Mimi nilitazama kandambili zangu. Ya kushoto imeshonwa kwa waya.

Mashavu hakugeuka. Alimwambia mwenye kibanda, kwa adabu kabisa, "Kaka, rudisha pale anapouliza."