Hiyo Usiikate

"Gazeti, kata," mume alisema, na mke akapiga mstari.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Wawili hao walikaa mezani, karatasi moja katikati yao. Karakana ya makochi ilikuwa imempunguzia mume siku za kazi, kutoka sita hadi tatu, na mshahara wa mke, mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli kubwa, haukuweza kubeba nyumba peke yake. Kila walichokilipia kwa mwezi kiliandikwa pale.

"King'amuzi?"

"Kata. Habari zenyewe zinatia kichefuchefu."

"Mitungi ya maji?"

"Tutachemsha ya bomba."

"Na hii ya filamu?"

Mume akavua miwani. "Hiyo usiikate."

Mke alijua atasema hivyo. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, kifungua mimba na kitinda mimba huyohuyo, ndiyo maana kwa utani wakamwita Kitinda. Miaka miwili iliyopita alirushiana maneno na baba yake, akabeba begi, akatoka. Simu yake haikupatikana tena. Polisi waliandika maelezo, basi. Lakini kwenye programu ya filamu waliyokuwa wakitumia wote watatu, jina lake lilibaki chini ya yao, na ukilibonyeza unaiona tamthilia ndefu ya wapelelezi aliyoipenda, na chini yake mstari mwekundu unaoonyesha amefika wapi.

Mstari huo ulikuwa ukisogea. Sehemu moja kila wiki.

"Nywila anaijua," mume hupenda kusema. "Yuko mahali. Anatuona hatufai, lakini yuko."

Aliyekuwa akitazama ni mke.

Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya tu. Alikuwa kwenye mapumziko kazini, kidole kikabonyeza jina la mtoto badala ya lake, naye hakugundua mpaka sehemu ikaisha. Jioni ile mume, ambaye kwa miezi minne alikuwa akila kama mtu anayemeza dawa, alimpokea mlangoni huku machozi yanamtiririka. Alikula sahani mbili. Mke akatafuta maneno ya kumwambia ukweli, akayakosa. Tangu hapo, kila Alhamisi, kati ya marundo ya mashuka, alizima sauti na kumtazamia mwanawe sehemu moja.

Yeye mwenyewe hakuwa na tumaini lolote. Alishamzika Kitinda moyoni, kimyakimya, bila kumwambia mtu.

Sasa alikuwa amechoka. Isitoshe, Jumatatu iliyopita simu yake ilidondoka kwenye beseni la sabuni, na mpaka leo ilikuwa kwa fundi. Alhamisi ilipita bila mtu kutazama chochote. Akaona hiyo ndiyo nafasi. Uongo ufe wenyewe, wakate na hii, walie mara moja yaishe.

"Tuangalie kwanza," alisema. "Kama haujasogea, tunakata. Tumekubaliana?"

Alitegemea ubishi. Mume akamsogezea simu yake. Wala hakutazama kioo. Alikuwa akimtazama yeye usoni.

Mke akabonyeza jina. Akasubiri. Kisha akaisogeza simu karibu na macho, akairudisha nyuma, akaisogeza tena.

Mstari ulikuwa umesogea. Sehemu mbili nzima.

"Baba Kitinda," alisema. "Baba Kitinda, ametazama."

"Si nilikwambia."

"Wewe huelewi! Ametazama mwenyewe! Yu hai!" Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Akacheka kwa kilio, akamkumbatia mume kichwa chote kifuani. Mume alimpigapiga mgongoni polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Walikata king'amuzi, gazeti na maji. Mke akaongeza na lake: angeacha kupanda basi asubuhi, aende kazini kwa miguu, ili programu ya filamu ilipiwe mwaka mzima kwa mkupuo. Mume alisema mwezi mmoja unatosha. Mke akamwambia asimtanie.

Jumapili alifungua chumba cha Kitinda. Alipiga deki, akaanika godoro, akatandika shuka alizozipiga pasi kama za mgeni wa hoteli. Jumatatu wenzake kazini walimsikia akiimba na kumuuliza kama amepata mchumba. "Nimepata mwana," alijibu.

Jumanne mume alisahau miwani nyumbani, na mke, aliyekuwa zamu ya mchana, akaamua kumpelekea. Karakana ilikuwa imejaa makochi yaliyovuliwa vitambaa, yamepangwa moja juu ya jingine hadi karibu na dari. Alisimama nyuma ya rundo hilo akisubiri mashine ya kushonea inyamaze ili aite. Ilinyamaza, na upande wa pili akamsikia mume akizungumza na fundi mwenzake, taratibu.

"Zaidi ya mwaka mzima hajakosa hata Alhamisi moja. Ijumaa nikafungua, hakuna kitu. Nikajua. Moyo wa mzazi unajua, ndugu yangu, kijana hayupo tena. Nikakaa hapahapa nilipo, nikazitazama mbili mwenyewe, hata sikuona kinachoendelea kwa machozi." Akakata uzi kwa meno. "Mama yake asijue tu. Umemwona alivyo na furaha?"